Msidharau Kichwa cha Sogeza

Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja makala kuhusu jioni niliyoshinda na watu kumi na mmoja huko Ohio, Marekani. Walikaa kuzunguka meza, watu wazima, na kila mmoja akaeleza ni kichwa kipi cha treni cha sogeza anachokipenda kuliko vyote, na kwa nini. Jibu la mhariri lilikuja kwa WhatsApp kabla hata chai yangu haijapoa: "Kaka, hii ni habari ya wazungu wazee wanaocheza na midoli. Na kama ni kupenda, si wangependa vichwa vya maana? Tuandikie SGR."

Sina ugomvi naye. Ananipa kazi, na siku nyingine ananilipa kwa wakati. Lakini maneno yale yamenikaa, kwa sababu nimeyasikia kwenye vinywa vingi, na siku moja, kama nitakavyokiri huko mbele, yalitoka kinywani mwangu mwenyewe. Kwa hiyo nayajibu hapa, ambapo hakuna anayenipangia idadi ya maneno. Nitaenda kwa mpangilio wake: wazungu wazee, midoli, vichwa vya maana, na SGR.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Treni haizaliwi ikiwa imepangwa. Behewa la saruji limetoka huku, la mafuta limetoka kule, la mahindi limekaa siku tatu kwenye njia ya pembeni likisubiri wenzake. Lazima mtu ayakusanye, ayapange kwa mfuatano wa stesheni yatakakoachwa, atoe bovu, aingize zima, kisha akabidhi treni iliyokamilika kwa dereva wa safari. Kazi hiyo watu wetu wa reli wanaiita sogeza, au kushanti, na mwenye kazi hiyo wanamwita shanta. Kichwa chake ni kifupi, hakina haraka, na hakitoki nje ya yadi. Wenye safari huvutwa na kichwa cha njia kuu. Hicho ndicho kinachopigwa picha.

Waliopanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam wanajua kilichokuwa kinatokea Tabora. Mlitoka Dar treni moja, watu wa Mwanza na watu wa Kigoma, mmekula pamoja, mmegombania dirisha pamoja. Pale Tabora mabehewa yanagawanywa. Unasikia kishindo, chai inamwagika, behewa linarudi nyuma, linakwenda mbele, linarudi tena, mtoto analia, mtu anauliza "tumegonga?" Baadaye mnakuwa treni mbili, kila moja na njia yake. Abiria anakumbuka kishindo na chai. Aliyekuwa chini, gizani, na taa mkononi, hakuna anayemkumbuka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa chini pale.

Sasa Ohio. Nilikuwa huko miezi sita kwa masomo mafupi ya uandishi wa habari. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Siku ya pili, katika mazungumzo ya kutafuta la kusema, nikamwambia kwamba babu yangu alifanya kazi reli. Mzee akaweka kikombe chini. "Kazi gani?" Nikamwambia shanta. Nilitarajia atasema "oh, vizuri" tuendelee na hali ya hewa. Badala yake akaniuliza: "Kwa kichwa gani?" Sikuelewa swali. Nikacheka tu.

Alhamisi akanichukua kwenye chama chao. Wanakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, na humo wamejenga reli ya kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Behewa la kawaida la mizigo linalala kwenye kiganja. Siku hiyo utaratibu ulikuwa hivi: kila mwanachama alete kichwa kimoja tu cha sogeza, aseme dakika tano, halafu akionyeshe kikifanya kazi.

Wa kwanza alileta Alco S-2. Hicho kilitengenezwa Schenectady, New York, kuanzia 1940 hadi 1950, nguvu za farasi 1,000. Alco zilijulikana kwa moshi. Dereva akifungua nguvu, unatoka moshi mweusi hadi watu wakatania kwamba hizi dizeli zimesahau kuacha kuwa za mvuke. Mzee yule alisema alikulia karibu na yadi, na mama yake alikuwa akisikia Alco inaanza kazi anakimbia kuanua nguo kambani. Modeli yake ameipaka masizi kwa brashi, paani na ubavuni, kwa mkono unaoonyesha alikaa nayo wiki nyingi. "Mpya dukani ilikuwa inang'aa," alisema. "Uongo mtupu."

Kijana mmoja, labda miaka ishirini na tano, alileta SW1500. Alichokipenda ni jina. S ilisimamia "mia sita" kwa Kiingereza, nguvu za farasi za vichwa vya mwanzo, na W ilisimamia fremu ya kuchomelea. Nguvu zikapanda, zikafika 1,500 kwenye hiki kilichotoka kiwandani kati ya 1966 na 1974, lakini herufi zikabaki. "Kwa hiyo kinaitwa mia sita elfu moja mia tano," alisema, na chumba kizima kikacheka kicheko cha watu waliokwisha kusikia utani huo na wanaupenda vilevile.

Mwingereza aliyehamia huko alileta Class 08 ya kwao. Vichwa 996 vya aina hiyo vilitengenezwa kati ya 1952 na 1962, nguvu za farasi 350, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila wasiwasi. Ni dizeli, lakini magurudumu yake yameunganishwa kwa fito za chuma kama ya kichwa cha mvuke, na zile fito zinapozunguka unaona kazi inavyofanyika. Baadhi yake bado viko kazini hadi leo. Alisema vichwa vya mwendo kasi vya enzi hizohizo vilishageuka vyuma chakavu zamani, lakini hiki bado kinasukuma.

Mmoja akaweka mezani mjusi. Dinosaria, yule mwenye magamba yaliyosimama mgongoni. Nikadhani ni mzaha, na ulikuwa mzaha, ila una historia. John Allen wa Monterey, California, aliyejenga reli ya modeli iliyowahi kuwa maarufu kuliko nyingine nchini humo, alikuwa na dinosaria kwenye orodha yake ya vichwa vya sogeza. Jina lake Emma, namba 13. Alivuta mabehewa kwenye yadi kama mwenzao wa chuma. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baada ya hapo reli yake ikaungua. Aliyemleta Emma wake alimaliza dakika zake tano kwa kunyamaza, na hakuna aliyemharakisha.

Halafu akaja mama mmoja, nesi mstaafu, Mmarekani mweusi. Alileta kichwa kidogo kuliko vyote: General Electric cha tani 44. Chumba cha dereva kiko katikati na injini mbili zimekaa mbele na nyuma, kama ngamia mwenye nundu moja. Nitamrudia mama huyu, kwa sababu yeye ndiye aliyeniharibia makala niliyokuwa nimekwisha kuiandika kichwani.

Walipomaliza, yule mzee wangu akanigeukia. "Na wewe? Babu yako alikuwa na kichwa gani?" Watu kumi na mmoja wakaniangalia, na kwa macho yao ukaona wanasubiri kwa hamu ya kweli. Afrika Mashariki! Reli ya mita moja! Nikasema sijui. Namba? Sijui. Cha mvuke au dizeli? Nadhani vyote, kwa nyakati tofauti. Rangi? Nikasema nyekundu, kwa sababu lazima useme kitu.

Nilitoka pale na aibu ambayo sijaimaliza.

Basi, kwa mhariri wangu. Kuhusu "wazungu wazee" nimeshajibu; wengi wao ni wazungu na wengi wao ni wazee, lakini si wote, na hata wangekuwa wote hoja isingesimama. Wazee wa Kizanzibari wakikaa barazani siku nzima hatusemi "Waswahili wazee" kwa sauti ile.

Kuhusu "midoli" nina zaidi ya kusema. Kuna fumbo lililobuniwa na Mwingereza aitwaye Alan Wright, linaitwa Inglenook Sidings. Una njia tatu za pembeni: moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu. Njia ya kuvutia inatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Una mabehewa manane. Unachora kura, matano yanatoka, na lazima uyapange kwenye ile njia ndefu kwa mfuatano uleule wa kura. Basi, ni hivyo tu. Bodi nzima inakaa juu ya rafu ya vitabu.

Hesabu inasema kuna mifuatano 6,720 inayoweza kutoka kwenye kura hiyo. Walinikalisha pale nikajaribu mmoja. Nilidhani ni dakika tano. Baada ya nusu saa nilikuwa nimejifungia mwenyewe: behewa nililolihitaji liko nyuma ya mawili nisiyoyahitaji, na nafasi ya kuyaweka hayo mawili nimeshaijaza kwa uzembe wangu wa hatua nne nyuma. Kijana wa SW1500 alikuwa ananiangalia kwa huruma. Nilimjua huyo mtu. Nimemwona mara elfu, amesimama nyuma ya wacheza bao, anaona unakoelekea na hasemi kitu.

Nani anawaita wacheza bao watoto? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete ni mbegu za mti, chombo rahisi kuliko kichwa chochote cha modeli. Tunaheshimu bao kwa sababu tunajua mbegu si mchezo. Mchezo uko kwenye kuona hatua sita mbele na kubeba gharama ya hatua uliyokwisha cheza. Sogeza ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba kwenye yadi halisi ukikosea unachelewesha mafuta ya mji mzima, au unamponda mtu.

Tena, kuna ufundi wa mkono. Kichwa cha modeli kinapata umeme kupitia reli na magurudumu. Kikubwa chenye magurudumu mengi kinapita juu ya uchafu na sehemu mfu za pointi bila kushtuka. Kidogo chenye magurudumu manne kinazimika palepale. Kwa hiyo wanaopenda vichwa vya sogeza wamechagua vilivyo vigumu. Wanasugua reli, wanachomelea nyaya, wanaficha kapasita ndogo ndani ya bodi ili kisife kinapovuka pointi. Na kipimo chao cha mwisho hakihusu mbio hata kidogo: ni kichwa kinaweza kwenda polepole kiasi gani bila kusimama. Waliweka cha Mwingereza juu ya reli na kukitembeza kama mkono wa saa. Chumba kikawa kimya. Mara ngapi umeona watu wazima wananyamaza kushangilia polepole?

Tuje kwenye "vichwa vya maana". Hapa ndipo nina hasira.

Dharau hii haikuanza kwa mhariri wangu. Tunafundishwa mapema. Thomas, yule kichwa cha bluu ambaye watoto wa nusu dunia wanamvaa kwenye fulana, pamoja na wangu, alianza maisha kama kichwa cha sogeza. Katika kitabu cha W. Awdry cha mwaka 1946 kazi yake ni kuwaletea vichwa wakubwa mabehewa yao stesheni, na ndoto yake ni kutoka hapo aione dunia. Akifanya vizuri anatuzwa. Tuzo gani? Njia yake mwenyewe na mabehewa mawili. Yaani tuzo ya kufanya vizuri kazi ya yadi ni kuondolewa yadi. Na kwenye kitabu cha 1950 vichwa wakubwa, Gordon, Henry na James, wanagoma kabisa: vichwa wa hadhi yao hawafanyi sogeza. Inabidi anunuliwe Percy, kidogo, wa kijani, aje afanye wasichotaka wao.

Kuwatendea haki, mwandishi yule hakuwa upande wa wagomaji. Lakini mtoto haoni upande, anaona ngazi. Chini kabisa kuna anayepanga. Juu kuna anayekimbia. Na mtoto huyo akikua anakuwa mhariri.

Ngazi hiyohiyo iko kwenye maandishi yetu ya reli. Katika niliyoyasoma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, reli ya Afrika Mashariki ni simba wa Tsavo, ni nyoka wa chuma, ni kijana anayepanda behewa la tatu kwenda mjini kutafuta maisha. Treni inafika au inaondoka. Stesheni ni mahali pa kulia na kupunga leso. Ni sawa, nimelia na kupunga leso mimi pia. Ila hakuna anayejiuliza treni hiyo iliyoondoka ilipangwa na nani saa tisa usiku. Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi utamkuta Mount Gelai, namba 5918, mmoja wa wale vichwa 34 vya Garratt vilivyotengenezwa Uingereza na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu. Ni mkubwa, ni mzuri, nimepiga naye picha na ninayo hadi leo kwenye simu. Lakini mlima haupangi mabehewa yake wenyewe.

Sasa nigeuke, kwa sababu makala ya kuwasifu tu wale watu wa Ohio ingekuwa rahisi mno. Na hapa ndipo anaporudi yule nesi.

Kabla hajasimama nilikuwa nimeshapata la kuwashutumu. Meza yao ilikuwa na vichwa, mabehewa, maghala, hata tangazo la soda ukutani kwa ukubwa wa ukucha. Watu je? Wachache, wamegandishwa kwa gundi, mmoja anasoma gazeti. Na mabehewa yalijiunga na kuachana kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli. Hicho kitendo, kuunga na kuachanisha, ndicho kilichokuwa kinawakata watu vidole na mikono huko Marekani, hadi sheria ya mwaka 1893 ikalazimisha viungio vinavyojifunga vyenyewe. Kwenye meza hii damu yote imegeuka sumaku. Nikajiambia: hawa wanapenda yadi baada ya kumfukuza mfanyakazi. Nikaanza kuandika sentensi hiyo kwenye daftari.

Mama akasimama, akaweka ngamia wake mezani. Akauliza: "Kwa nini tani 44? Si 40, si 50?" Wanachama wakatazamana kama wanafunzi wanaojua swali linakuja kila mwaka. Akajibu mwenyewe. Mwaka 1937 kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba kichwa cha dizeli cha pauni 90,000 au zaidi lazima kiwe na fayamani pamoja na dereva, hata kama hakuna moto wa kuchochea. Chini ya hapo, dereva peke yake anatosha. Pauni 90,000 ni kama tani 40.8 kwa vipimo vyetu. Tani 44 za Kimarekani ni pauni 88,000. "Mnasema ni kizuri kwa sababu ni kidogo," alisema. "Ni kidogo ili mtu mmoja asiwemo."

Akaendelea. Babu yake alikuwa fayamani huko Alabama. Kusini, kazi ya kuchochea moto ilikuwa chafu na ya joto kali, kwa hiyo waliachiwa watu weusi. Dizeli zilipoanza kuifanya kazi hiyo kuwa ya kukaa kitini, chama cha mafayamani, ambacho hakikuwakubali weusi kama wanachama, kikatia saini mikataba ya kuwaondoa. Fayamani mmoja mweusi wa Alabama, Bester William Steele, akaenda mahakamani, na Desemba 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba chama kinachozungumza kwa niaba ya wafanyakazi wote hakiwezi kuwauza wale kinaowakataa. Babu yake nesi hakuwa Steele. Alikuwa mmoja wa waliosikia hukumu hiyo kwenye redio wakati kazi yenyewe imeshakwenda.

"Kwa hiyo hiki ndicho ninachokipenda," akasema. Neno lake lilikuwa hilohilo, kupenda. Akakitembeza, kikaunga mabehewa mawili, kikayarudisha. Ndani ya kile chumba kidogo cha dereva alikuwa amebandika watu wawili. Mmoja anaendesha. Mwingine, kinyume na mkataba, amekaa dirishani.

Nikafuta sentensi yangu daftarini.

Sikuifuta yote, lakini. Kati ya kumi na mmoja, aliyemweka mtu ndani alikuwa mmoja. Wengine wanajua namba ya kila kichwa, mwaka wa kila bolti, na jina la kiwanda, lakini jina la shanta hata mmoja hawajui, na hawakulitafuta. Nawaheshimu kwa kupenda kilichodharauliwa. Nawalaumu kwa kukomea kwenye chuma. Niliwaambia hivyo, kwa adabu ya mgeni, na yule mzee wa Alco akanijibu: "Sisi tumeshika nusu. Ninyi waandishi nusu yenu iko wapi?"

Ndiyo nafika kwenye SGR, mhariri wangu, tulia.

Sina neno baya na SGR. Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na Julai ikafika Dodoma, nilikuwa miongoni mwa walioandika, na niliandika kilometa 160 kwa saa kama kila mtu. Napanda, nafika Dodoma sijachoka, namshukuru Mungu. Ila tazama zile treni za seti za umeme. Zina chumba cha dereva kila upande. Zikifika mwisho wa safari, hakuna wa kuja kuachanisha kichwa na kukizungusha; dereva anashuka, anatembea na mkoba wake hadi upande wa pili, wanarudi. Ni maendeleo, sikatai. Maana yake ni kwamba kwa abiria wa kesho kishindo cha Tabora hakitakuwepo, na watoto wetu wataamini treni huzaliwa imepangwa. Kazi ikiondoka kwenye macho ya watu, kinachobaki ni kumbukumbu za walioifanya. Na hao wana miaka sabini, themanini.

Nilisema nitakiri. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu tulipewa kazi ya kumhoji mzee. Nikaenda Tabora kwa babu na kinasa sauti cha kuazima. Alizungumza dakika hamsini. Alinieleza jinsi alivyojua kwa mlio wa magurudumu kama behewa limejaa au tupu. Jinsi ya kusimama ili dereva akuone kwenye kona. Taa inavyopungwa usiku kumwambia njoo, pole pole, simama. Kwamba usiingie kati ya mabehewa mawili kwa sababu tu yamesimama, kwa kuwa behewa "lina akili ya ng'ombe, linaweza kugeuza mawazo". Alizungumzia kichwa chao. Walikuwa wamekipa jina la mwanamke, na hilo jina nililisikia kwa masikio yangu.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namkatiza. "Babu, lakini ulishawahi kumwona Mwalimu?" Akasema ndiyo, mara moja, kwa mbali, stesheni, watu walikuwa wengi. Dakika mbili. Nikatumia hizo mbili. Nilipata A. Zile arobaini na nane nilizifuta kwenye kadi ili nirekodi harusi ya rafiki yangu, kwa sababu zilikuwa, kwa maneno yangu mwenyewe niliyomwambia mwenzangu wa chumba, "habari za kusukumasukuma mabehewa tu". Babu alifariki mwaka 2014. Jina la kile kichwa silijui.

Kwa hiyo usinisome kama mtu anayemtolea mhariri macho kutoka mahali pa juu. Mimi ndiye mhariri. Nilikata habari hiyo kabla yake, na niliyemkata alikuwa amekaa mbele yangu amenikaangia karanga.

Ninachodai si kikubwa. Tunaoandika tuache kuitafuta reli kwenye sherehe za uzinduzi peke yake. Tuache kudhani kwamba kuuliza "ulikuwa unatumia kichwa gani" ni swali la watoto au la wazungu. Yule mzee wa Ohio aliuliza swali la kwanza sahihi kuhusu babu yangu ambalo mtu yeyote amewahi kuniuliza, na aliweza kuliuliza kwa sababu anapenda, kwa ukaidi na bila aibu, vichwa ambavyo haviendi popote. Kupenda kwake kulimfundisha kwamba kichwa cha sogeza kina mtu wake. Shahada yangu haikunifundisha hilo.

Mama mdogo ameniambia kuna mzee mmoja Tabora, alifanya kazi zamu moja na babu, macho yamepungua lakini kumbukumbu anazo. Nimempigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda injini. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwa jina la babu, na akauliza mara mbili kama nina uhakika ninataka kusikia habari za yadi, au nataka za Mwalimu. Nikamwambia za yadi. Nasafiri mwezi ujao, kwa nauli yangu, kwa ile treni ya zamani. Nimenunua kadi mpya ya kinasa sauti.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee wa reli, wa bandari, wa karakana, usimuulize aliwahi kumwona nani. Muulize kichwa chake kilikuwa namba ngapi, na walikiitaje.